Taa Ambayo Sikuiwasha

Mume wangu ameniudhi mara nyingi katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa yetu, lakini mbele ya watu elfu mbili aliniudhi mara moja tu. Nataka kuisimulia siku hiyo mwenyewe, maana wanaoisimulia mtaani wameitia chumvi hadi hailiki.

Watu humwita Mizani. Jina lilitoka kazini: alikuwa mkaguzi wa vipimo, mtu wa kuingia madukani na mawe yake ya kilo na kuwatoa jasho wauzaji wenye mizani zilizochezewa. Hata mchinjaji wetu akimwongezea kipande juu ya kilo aliyoomba, anakirudisha. Nimekula mchuzi mwembamba kwa sababu ya uadilifu wa mtu huyu, kwa hiyo habari zake ninazo. Siku za mapumziko huvaa koti jeupe na kofia pana, akawa mwamuzi wa kriketi. Nami nilipochoka kubaki nyumbani peke yangu kila Jumamosi nikajifunza ukarani wa alama.

Kazi zetu zimefungana. Yeye yuko katikati ya uwanja, mimi niko chumba cha makarani ghorofa ya kwanza, kwenye dirisha kubwa, meza ndefu na penseli nne zilizochongwa. Mpigaji akiupiga mpira kwa gongo lake ukafika mpakani, Mizani anapunga mkono mbele ya kifua: alama nne, naziandika mbele ya jina la mpigaji. Mpira ukigonga mguu badala ya gongo, anainua goti na kuligusa kwa mkono. Hapo timu inapata mikimbio yake, yaani alama zake, lakini mpigaji mwenyewe haandikiwi kitu. Kila akitoa ishara ananitazama, nami nawasha taa ndogo iliyo juu ya dirisha, kumwambia nimeona. Taa isipowaka, mchezo hauendelei, anasimama anangoja. Nyumbani hanisikilizi hata nikimwambia avue viatu mlangoni, ila uwanjani hapigi hatua bila mimi. Nakiri nilikuwa naipenda sana ile taa.

Sasa nije kwenye kasoro yake. Mwamuzi anayesimamia mechi ya nchi yake na wageni siku zote anachelea kuitwa mpendeleaji wa nyumbani. Mizani alichelea kupita kiasi. Penye shaka aliwapa wageni, na pasipo shaka pia alitafuta cha kuwapa. Aliyeumia kuliko wote ni binti wa jirani yetu, tunayetenganishwa naye na ukuta mmoja tu. Mizani ndiye aliyemfundisha kushika gongo alipokuwa na miaka saba, kwenye uchochoro ulio nyuma ya nyumba zetu, kwa mpira wa tenisi na ndoo iliyopinduliwa. Alipokua akaanza kucheza ligi, mwalimu wake huyohuyo akawa anamtoa kwa kisingizio chochote. Mpira ukipita karibu naye, kidole kiko juu: atoke. Nikimwuliza ananijibu, "Watu wanajua ni mtoto wa nyumbani kwetu." Basi mtoto akawa anaadhibiwa kwa ujirani.

Mechi ninayoisema ilikuwa ya timu za taifa za wanawake, sisi na wageni. Mwamuzi wa nje aliyepangwa aliamka na tumbo la kuendesha, na Mizani, aliyekuwa mwamuzi wa akiba, akaitwa kabla hajamaliza chai. Tulipofika uwanjani alinionyesha fomu. Baada ya mechi, nahodha wa wageni angeijaza na kumpa mwamuzi alama. Kulikuwa na nafasi moja ya kwenda kusimamia mechi za nchi nyingine, na yeye alikuwa na miaka hamsini na tisa.

"Nikiipata hiyo," alisema akifunga vifungo vya koti, "nitasimama mahali ambapo sina mtu wangu. Angalau nitapumua, mama."

Nilimwonea huruma. Nikamnyoosha kola, nikamwambia aende akaamue anachokiona, basi.

Binti wa jirani alicheza siku hiyo nisivyowahi kumwona akicheza. Wenzake walitoka mmoja baada ya mwingine, yeye akabaki. Kufikia saa kumi alasiri timu yetu ilihitaji mikimbio mitatu kushinda, na yeye alikuwa na tisini na saba. Hakuna mwanamke wa nchi yetu aliyewahi kufikisha mia katika mechi ya taifa. Mama yake alishindwa kuangalia. Nilimwona kule chini amegeukia ukuta, akiuliza watu wanaoangalia.

Mrushaji mrefu wa wageni akaja mbio, akaurusha mpira kwenye miguu. Binti akaugeuza kidogo tu, ukateleza nyuma yake hadi mpakani. Uwanja ukalipuka. Tumeshinda, na mtoto ana mia na moja! Penseli yangu ilikuwa tayari imegusa karatasi nilipomtazama Mizani.

Alimwangalia kwanza nahodha wa wageni. Kisha akainua goti, akaligusa.

Kelele zilikatika upande mmoja wa uwanja, zikaendelea upande wa pili kwa watu ambao hawakuwa wameelewa. Ushindi ni wetu, hilo halikuwa na mjadala. Lakini binti anabaki na tisini na saba, na mechi imekwisha, hana mpira mwingine wa kupiga.

Kando yangu alikuwa karani wa wageni, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Akateremsha darubini yake.

"Umegusa gongo," akasema polepole. "Nimeuona ulivyopinda. Na mimi ni mgeni ninayekuambia." Kisha akashusha pumzi. "Lakini ishara ni ishara, dada. Sisi tunaandika tulichopewa. Washa taa."

Alisema kweli. Karani haamui. Tena mimi, mke wa mwamuzi, jirani wa mpigaji, karani wa timu ya nyumbani: kama kulikuwa na mtu uwanjani pale asiyestahili kabisa kuwa na maoni, ni mimi. Kidole changu kilikuwa juu ya swichi. Nikamwona binti anavua kofia yake ngumu. Aliliangalia goti la Mizani, akatia gongo kwapani, akaanza kutoka. Hakulalamika hata kwa jicho. Hapo ndipo damu ilipochemka.

Nikaondoa kidole.

"Dada," akasema mwalimu.

"Kidole kimekufa ganzi, mwalimu."

Mizani alisimama ameelekea dirishani, anangoja. Akarudia: goti, mkono. Sikuwasha. Akasukuma kofia nyuma, akakodoa macho kana kwamba taa imeungua. Nikainuka kwenye kiti nikasogea dirishani ili anione vizuri. Sikumfanyia ishara yoyote. Ningefanya hivyo ningekuwa tapeli. Nilimtazama tu, vile ninavyomtazama akiniambia amekunywa dawa zake na hajanywa.

Mwalimu anasema ilikuwa nusu dakika. Kwangu mimi ilikuwa ndoa nzima. Nikawaza nimemwaibisha mume wangu mbele ya kadamnasi na sitasamehewa. Kisha Mizani akamwendea mwamuzi wa pili, aliyesimama pembeni, wakanong'ona, akarudi mahali pake. Akapishanisha mikono kifuani, kila mkono ukashika bega la upande wa pili, kama mtu anayejikumbatia. Hiyo ni ishara ya kufuta ishara iliyotangulia. Ipo kitabuni, lakini katika miaka yote ya kazi yake hakuwahi kuitumia hata mara moja. Akashusha mikono, akapunga mkono mmoja mbele ya kifua: nne.

Niliwasha taa. Nikaandika nne mbele ya jina la binti, nikajumlisha mara mbili kwa sababu machozi yalikuwa yananipotezea tarakimu. Mwalimu naye akaandika, akanisogezea kitambaa chake bila kunitazama.

Nisiwafiche, nahodha wa wageni alikasirika, wala sikumlaumu. Alichokiona ni mwamuzi mwenyeji akibadili uamuzi baada ya kumkodolea macho mkewe. Ningekuwa yeye ningeandika vilevile. Fomu ikaenda na alama za chini, na nafasi ya nje akapewa mtu mwingine. Mpaka leo sina hakika kama nilitenda haki au nilipendelea mtu wangu. Nilimwuliza mwalimu, akanijibu kwamba yeye ni karani, haamui.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Alasiri ile niliacha vitabu mezani, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikashuka ngazi mbiombio. Wenzake walikuwa wamembeba binti juu juu, wakamshusha walipomwona Mizani anakuja, kofia mkononi. Nilimfikia mume wangu alipokuwa anasimama mbele ya binti.

"Mwanangu," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Mpira ulipogusa gongo niliusikia. Niliusikia tangu mwanzo. Nikainua goti kwa kuogopa watu watasema nini. Na si leo tu, wewe unajua. Nisamehe."

Mtu wa miaka hamsini na tisa, anamwomba radhi msichana wa ishirini na mbili, wageni wanasikia. Nilimpenda wakati huo kuliko siku aliyonioa. Binti alishtuka. Akadondosha glavu, akaishika mikono ya Mizani yote miwili.

"Hakuna cha kusamehe, Mjomba," akasema huku anatabasamu, kwa ule upole wa mtoto anayetaka kumtuliza mkubwa wake. "Mimi nilishazoea."

Hakusema kwa uchungu, wala hakuwa anamsuta. Alidhani anamfariji. Mizani alifungua mdomo amjibu, mabega yakaanza kumtikisika. Mimi nikamshika upande mmoja, binti akamshika upande wa pili, tukasimama naye palepale kwenye nyasi mpaka alipomaliza kulia.