Neno la Kusimamisha Kisu

Neno lenyewe lilikuwa "simama". Na walilichagua wenyewe, hakuna aliyewashikia bakora.

Mtaalamu alikuja na utafiti wake, mama mpole mwenye miwani, akawakalisha watu wote wa chumba cha upasuaji, kuanzia daktari hadi mfagiaji. Akawaeleza kwamba mgonjwa haumizwi sana na ujinga, anaumizwa na ukimya. Mtu anaona kosa, anameza mate, ananyamaza kwa sababu mkubwa ndiye aliyeshika kisu. Matokeo yake mgonjwa anapasuliwa tena, kitanda kinakaliwa tena, dawa zinatumika tena. Basi chagueni neno moja, akasema. Yeyote akilitamka, kila mkono utulie.

Sista Mkasi alicheka moyoni. Ukimya, chumbani mwao? Hilo jina la Mkasi hakupewa kwa sababu ya kumpa daktari vifaa. Alipewa kwa ajili ya ulimi. Na daktari wa upasuaji mwenyewe alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja, kwa hiyo vijembe vyao vilianzia sebuleni vikamalizikia kazini. Yeye husema shemeji anashona kama anayeziba gunia. Shemeji hujibu kwamba gunia angalau lina adabu, halimsemi mtu. Mtu wa usingizi, yule anayewalaza wagonjwa, huvunjika mbavu pale pembeni. Mtaalamu aliwatazama akafurahi. Alisema vyumba vyote vingekuwa na mazungumzo kama haya, yeye angekosa kazi.

Alikosea, maskini, na wao hawakumsahihisha. Lile neno walilichezea kama watoto waliookota filimbi. Chai ikiletwa, simama. Daktari akivaa kofia upande, simama, kofia imekukataa. Hata nyumbani, shemeji akijipakulia mara ya pili, Sista Mkasi humwambia simama, na watoto wanaangua kicheko. Neno likaisha makali. Utasema hawakujua? Walijua, watu wazima wale, ila utani ulikuwa mtamu.

Ndipo akaletwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye sauti ya kutuliza darasa zima, utumbo umejisokota. Kazi ilikwenda vizuri, tena haraka. Kabla ya kufunga tumbo, kazi ya Sista Mkasi ilikuwa kuhesabu vile vitambaa vya kufyonza damu. Akahesabu, kimoja hakipo. Akarudia, hakipo.

"Simama, shemeji," akasema. "Umekula kitambaa changu."

Ndivyo alivyosema, hivyo hivyo. Angeweza kusema kitambaa kimepotea, bila utani, kama anayesoma taarifa ya habari. Lakini kwa shemeji yake mdomo wake ulikuwa na njia moja tu, na huko ndiko ulikopita.

"Hakikuwa na chumvi," shemeji akajibu bila kuinua kichwa. "Lete uzi."

Mtu wa usingizi akacheka. Daktari akacheka. Na Sista Mkasi, Mungu amsamehe, alicheka kuliko wote.

Kicheko kilipopoa, alikuwa bado ameshika sindano yenye uzi. Tumbo lilikuwa wazi mbele yake. Alitaka kulirudia neno, likamkwama, kwa sababu aliona haya kukunja uso ghafla baada ya kucheka vile. Angeonekana ametibua raha ya watu. Kitakuwa kwenye ndoo ya taka, akajipa moyo, nitakitafuta baadaye. Akampa uzi.

Kwenye ndoo hakikuwamo. Na mpaka anamaliza kupekua, mwalimu alishapelekwa wodini. Sista Mkasi akajiambia kwamba bila shaka alihesabu vibaya tangu mwanzo, akanawa mikono, akaenda nyumbani akalala. Usingizi wa siku ile ndio unaomuuma kuliko mengine yote, kwamba uliwezekana.

Mwalimu aliruhusiwa kwenda nyumbani, kisha akarudi akichemka homa. Daktari mwingine akamfungua, akakikuta kitambaa ndani, kimezungukwa na usaha, na ikabidi utumbo ukatwe. Alipona, kama huko ndiko kupona. Alitoka na mfuko ubavuni wa kupokea choo na mwili uliokonda hadi nguo zikawa za mtu mwingine.

Kamati ya hospitali ikaketi. Sista, ulitamka neno? Nilitamka. Daktari, alitamka? Alitamka. Hawakuuliza zaidi. Shemeji aliondolewa chumba cha upasuaji, akapelekwa kutibu vikohozi. Angeweza kusema, "Lakini alitamka akicheka, na uzi ni yeye aliyenipa." Hakusema. Aliubeba mzigo wote akatoka nao kimya, na Sista Mkasi akamwacha aubebe. Mdogo wake alipopiga simu akilia kwamba mumewe haongei wala hali, alimwambia mpe muda. Na kule kwenye semina, yule mama wa miwani akawa anamtolea mfano: muuguzi aliyethubutu. Watu wakampigia makofi. Alitamani ardhi ipasuke.

Siku ya kliniki, mwalimu akaomba amwone Sista Mkasi. Alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, mkono mmoja juu ya ule mfuko kana kwamba anauficha. Akampa mkono wa pili.

"Wameniambia wewe ndiye uliyesema," mwalimu akaanza. "Nimekuja kukushukuru, dada. Angalau mmoja alinikumbuka."

Jibu jepesi lilikuwapo mdomoni, ni wajibu wetu, pole sana. Angelitoa, wangeagana vizuri, na shemeji angebaki na mzigo wake hadi siku ya kustaafu.

"Yule daktari hakukusikia?" mwalimu akauliza.

"Alinisikia, mwalimu."

"Akakupuuza."

"Hapana. Nilisema kwa utani, naye akajibu kwa utani. Tukacheka. Halafu mimi nikampa uzi akakushona. Kosa si lake peke yake, ni langu pia. Nisamehe."

Mwalimu aliutoa mkono wake taratibu, akaurudisha mapajani. Hakufoka. Sista Mkasi akaona heri angepigwa kofi.

"Mlicheka nini?"

"Mwalimu, tafadhali."

"Nimelala pale tumbo wazi, mkacheka. Nataka kujua mlicheka nini."

Basi akamwambia. Alianza na kitambaa kilicholiwa, akafika kwenye chumvi, na pale akakoma. Mwalimu alingoja, kwa uvumilivu, kama anayemngojea mwanafunzi amalize sentensi.

"Endelea," akasema.

"Ni hayo tu," Sista Mkasi akajibu. "Hapo ndipo tulipocheka."