Utando Ulioshika Mfupa

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, huuza nyonga bandia na huongea kama mtu aliyezivumbua. Miaka minane iliyopita alizipigia debe hadi nikakubali kuwekewa moja yenye utando mpya uliopakwa juu ya chuma. "Mfupa utaung'ang'ania huo utando kama mtoto na ziwa, shem," alisema. Nikamwamini. Mwenye maumivu huamini hata tai ya shingoni mwa muuzaji.

Sasa chuma kinacheza ndani ya paja kama mpini wa jembe uliolegea, na cherehani yangu ya kukanyaga imefunikwa shuka. Bila mguu huu mimi si fundi, ni pambo la duka.

Daktari wa upasuaji alinionyesha picha. "Utando umeshikana na mfupa vizuri kabisa," alisema. "Chuma ndicho kimeachana na utando."

Shemeji, aliyekuwa amejileta wodini na mkoba wake, akachangamka. "Umesikia? Nilisema utashika, na umeshika."

"Hongera," nikamwambia. "Koti limebaki, mwenye koti kaondoka."

Haya hana, nadhani alizaliwa bila. Akafungua mkoba, akatoa nyonga nyingine inayong'aa kama kijiko cha wageni. "Hii sasa ndiyo yenyewe. Utando wa tabaka mbili."

"Nani ametembea nayo miaka kumi?"

"Imetoka mwaka huu, shem. Ila mashine ya maabara imeichezesha mara milioni tano."

"Basi mwekeeni hiyo mashine."

Mama wa kitanda cha pili alicheka hadi akashika mshono wake.

Daktari akasema ipo nyingine, ya kijivu, inakwaruza kama msasa; watu aliowawekea zamani bado wanakuja kliniki kwa miguu yao. Shemeji akakunja pua. "Hiyo ya kizamani."

"Na mimi pia. Tutaelewana."

Nikawekewa hiyo. Itadumu au haitadumu, miaka ndiyo itakayosema, si mkoba wake. Kwa sasa nakanyaga.

Juzi shemeji kaja dukani na suruali iliyopasuka makalioni. "Nishonee upesi, shem, nina mkutano na madaktari."

Nikamwonyesha kibunda cha uzi. "Huu umetoka mwaka huu. Hakuna aliyewahi kuukalia, ila boksi lake linang'aa."

Akautazama uzi. Akaitazama suruali.

"Weka ule wa siku zote," akasema, sauti chini.

Nikauweka, nikakanyaga taratibu, ili asikie vizuri.