Upinde wa Miti Minne

Mume wangu hanywi, hanipigi, na hana muke wa pili kule Bagira. Uliza majirani wetu hapa Kadutu, watakuambia Mama Adèle alibahatika. Eh, waache waseme. Ugonjwa wa huyu Cirhuza wangu ni macho yake. Yeye ni seremala, na jicho lake likishika kitu kidogo kisichokaa sawa kwenye ubao, basi imekwisha: hali, halali, hasikii mutu. Zamani nilikuwa nacheka. Mwaka wa sabini na nne niliacha kucheka.

Mwaka huo walimukamata kaka yangu Grégoire. Kosa lake ni kravati, tai ya shingoni tu. Kravati zilikuwa zimekatazwa na serikali, majina ya ubatizo pia, sisi wote tulikuwa tunaitwa citoyen na citoyenne, yaani mwananchi. Sasa Grégoire wetu, mwalimu wa watoto wadogo, mutu asiyeweza kugombana hata na kuku, akavaa kravati yake ya ndoa kwenda kumuzika baba yake wa ubatizo. Vijana wa chama wakamuambia avue. Akawajibu atavua akitoka makaburini. Ni hivyo tu! Wakamuvua wao wenyewe, kisha wakamutupa katika cachot moja, chumba cha kufungia watu, yenye maji chini, na Grégoire tangu utoto kifua chake kinabana.

Wiki tatu nzima muke wake Eulalie alipeleka sufuria ya bugali pale mulangoni kila siku ya Mungu. Tulizunguka bureau zote. Huyu alitutuma kwa yule, yule akaturudisha kwa huyu. Mwishowe karani mumoja akatuhurumia, akatuambia tusijichoshe: mwenye kusaini ni mutu mumoja, Citoyen Directeur anayekaa Muhumba, na bila cachet yake, ule muhuri, hakuna mulango utakaofunguka.

Cirhuza alikuwa amemutengenezea Directeur huyo kabati, basi akaenda kumuona. Alipokelewa vizuri, akapewa kiti na bia ambayo hakuinywa. Kumbe Directeur alisoma Ubelgiji, na huko alikuwa anaenda kupiga upinde na Wazungu kila Jumapili, mpaka akapenda kabisa. Sasa alitaka upinde wake mwenyewe, wa miti ya Zaïre. Uwe wa kupiga kwelikweli, si wa kutundika ukutani, lakini uwe na rangi mbalimbali zilizounganishwa, wageni wakiuona wanyamaze. Na Grégoire? "Lete upinde, citoyen. Siku hiyohiyo tutaangalia dossier ya shemeji yako."

Nilipiga magoti jikoni nikamushukuru Bikira Maria. Nilijiambia, fundi ninaye hapa nyumbani, kazi ya siku kumi tu! Sikufikiri ni fundi wa namna gani.

Alichukua kitambaa changu cheupe cha meza, kile cha sikukuu, akakitandika kwenye meza yake ya kazi. Juu yake akapanga vipande vya miti: muvula wenye rangi ya asali, libuyu nyekundu, cipre, mukaritusi, mulonge uliokauka vizuri, na kipande cha wenge, ule muti mweusi unaotoka upande wa Kisangani. Akawa analowesha kidole kwa maji na kupaka kila kipande. Alisema muti mukavu unadanganya, ukiulowesha ndipo unaonyesha rangi utakayokuwa nayo chini ya verni, ile vanishi ya kung'arisha. Anaweka viwili pamoja, anatoka nje, anasimama mulangoni, anaangalia kwa mbali.

"Mama Adèle, huu na huu?"

"Inapendeza."

"Unasema tu."

"Basi haipendezi."

"Kwa nini haipendezi?"

Yesu Maria! Mimi nauza ndagala kavu, wale samaki wadogo, na chumvi. Ndagala zikianza kuoza, nitakuambia nikiwa bado barabarani. Miti siijui. Siku tatu alinisumbua hivyo, na kila siku Eulalie alipita kwetu na sufuria yake akitoka cachot, anauliza kwa sauti ndogo, "Ameanza?" Namujibu ameanza. Nilikuwa naona haya.

Siku ya nne akapata. Mugongo wa upinde, upande unaotazama mbele, uwe mulonge, kwa sababu mulonge unavutika bila kukatika, na rangi yake ni ya maziwa. Tumbo, upande wa mupigaji, muvula. Mushikio wa katikati, libuyu. Lakini libuyu na muvula, alisema, ukivikalisha bega kwa bega kila kimoja kinazima kingine. Basi katikati yao akatia ukanda mwembamba wa wenge, mweusi, kama wanja. Alipovifunga pamoja kwa kamba ili nione tu, bado bila kole, bila gundi, hata mimi nilisimama na kisu cha vitunguu mukononi. Vilikuwa vinapendezana. Nikasema, "Sasa gundisha, Papa Adèle. Tafadhali, gundisha."

Akagundisha. Akaacha ikauke. Akakwangua kwa rabo, randa yake, kisha kwa kipande cha chupa, anaukunja kidogo, anaangalia, anakwangua tena. Siku moja mwishoni mwa kazi hiyo mulinzi wa cachot, kwa pakiti mbili za sigara, aliniruhusu nimuone Grégoire dakika chache. Alikuwa amekonda, midomo imekuwa ya majivu. Akiongea maneno matatu anapumzika.

"Upinde umefika wapi?"

"Umebaki verni."

"Mwambie shemeji asijisumbue sana na uzuri," akasema, akataka kucheka, kikohozi kikamukamata mpaka mulinzi akanitoa. Nililia njia nzima kutoka pale mpaka Nyawera, watu wananiangalia, sikujali.

Jumamosi asubuhi, siku ya posho tunayoiita pia samedi, upinde ulikuwa umekwisha. Verni imekauka, kamba imefungwa. Cirhuza alikuwa ameuvuta uani, ukakunjika vizuri, ukarudi, haukulia hata kidogo. Nilivaa kikwembe kizuri. Nilimutuma mutoto wetu Adèle amuambie Eulalie aoshe nguo za mume wake. Niliporudi chumbani nikamukuta Cirhuza ameubeba upinde mpaka dirishani, ameugeuza tumbo juu.

"Unaona?" akaniuliza.

"Naona upinde."

"Mukono wa chini. Kwenye muvula."

Nikaangalia. Akanionyesha kwa ukucha. Kwenye ule mukono wa chini, nusu ya upinde iliyo chini ya mushikio, kulikuwa na mustari mufifu, rangi nyeupe kidogo, urefu wa kidole. Kwenye mukono wa juu haukuwapo. Verni ndiyo ilikuwa imeutokeza.

"Haufanani," akasema. "Nitatoa tumbo lote. Kuna mutu kule Mudaka ana ubao wa muvula wa zamani, rangi moja tu. Wiki moja."

Sikumbuki yote niliyomuambia. Najua nilimuita muuaji. Nilimunyang'anya upinde, nikaufunga kwa kikwembe, nikafika mulangoni. Akanifuata, hakunigusa, hakupandisha sauti. Alisema, "Virginie, yule mutu anajua pinde. Alinirudishia mulango wa kabati mara mbili kwa sababu ya bawaba. Ukimupelekea hivi, ataona tunamudharau, na Grégoire atakaa mwaka. Unataka tucheze na Grégoire kwa ajili ya wiki moja?"

Sasa mimi ningefanya nini? Niambie. Mimi sijui miti. Kama ni kweli? Kama Directeur atageuza upinde, atie kidole pale, aseme hii ni takataka? Nilisimama pale mulangoni na kile kitu mukononi, nataka kutoka, sitoki. Barabara ya kwenda Muhumba naijua hata nikifunga macho. Nikamurudishia.

Alienda Mudaka, akarudi na ubao kichwani, mvua imemunyeshea. Akabandua, akakata, akagundisha, akangojea ikauke. Sikusema naye wiki nzima. Nilimuwekea chakula, nikaondoka. Eulalie alikuja na zile nguo zimepigwa pasi, nikamuambia bado kidogo.

Alhamisi jioni radio ya jirani ilisoma majina ya wakubwa wanaohamishwa. Jina la Directeur wetu lilikuwa la tano. Anapelekwa Mbandaka. Anaondoka mara moja.

Kesho yake tulikimbia sisi wawili, Cirhuza na upinde wake, mimi nyuma yake viatu mukononi. Muhumba tulikuta lori mbele ya nyumba, masanduku, magodoro, muke wa Directeur anagombeza watu juu ya vyombo vya kioo. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye baraza amevaa tayari. Alipoona upinde uso ulifunguka kama wa mutoto. Akauchukua, akaushika sawasawa, akauvuta kuelekea ziwa bila mushale, akauachia polepole. Jua la asubuhi lilikuwa linaupiga. Ule mweusi mwembamba kati ya nyekundu na asali, ile rangi ya maziwa nyuma. Nitasema ukweli, hata kama ni aibu: ulikuwa muzuri. Nilisimama pale, kaka yangu yuko majini, na moyo wangu ukasema, muzuri. Mpaka leo sijajisamehe hilo.

Nilikuwa nangojea ageuze tumbo, aangalie mukono wa chini. Hakugeuza. Alimupa chauffeur wa lori, akamuambia auweke juu ya magodoro usikwaruzike.

"Na shemeji, Citoyen Directeur?" Cirhuza akauliza.

"Shemeji?" Akafikiri. "Ah, yule wa kravati." Nikaona kwamba alisikitika kweli, hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Tangu jana mimi si chef, si mukubwa tena hapa. Cachet niliiacha bureau. Mungekuja samedi iliyopita! Samedi nilikuwa hapa nyumbani siku nzima, ningesaini kabla kahawa haijapoa. Mungojee mwenzangu atakayekuja."

Mwenzake alifika baada ya siku kumi na mbili. Lakini siku ya sita walikuwa wamewapandisha wafungwa kwenye lori, na hakuna aliyetuambia lilikwenda wapi. Eulalie alifika na sufuria, akakuta mutu anafagia maji ndani ya cachot, mulango wazi. Tumeuliza Uvira, tumeuliza Goma, tumewatuma mapadri waulize. Mwaka uliofuata Eulalie alivaa nguo nyeusi na hakuzivua tena, ingawa maiti hatujaiona.

Aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunachambua ndagala, yeye na mimi, kwangu uani, na Cirhuza alikuwa ndani anapiga randa meza ya mutu.

"Dada Virginie, ile siku ya posho nilipoosha nguo. Ilikuwa nini? Mbona hamukwenda?"

Niliendelea kuchambua. Nikamuambia upinde haukuwa tayari.

Akaitikia kwa kichwa. "Nilijua," akasema. "Mwambie Papa Adèle aksanti. Alijitesa sana kwa ajili yetu."

Hiyo aksanti sijamufikishia mpaka leo.