Maneno Chini ya Kiti cha Mgeni

Kila Jumatano saa kumi na moja jioni, mahojiano yakiisha na taa kubwa zikizimwa, Namono huingia studio na ndoo, fagio na kitambaa. Ni studio ndogo ya televisheni pale Jinja mjini, viti viwili na meza ya kioo. Jumatano ile mgeni alikuwa Nafuna, mkunga kutoka Mbale aliyegombea ubunge, na chini ya kiti chake maneno yalikuwa yamejaa hadi kwenye miguu ya meza.

Yalikuwa maneno aliyokatizwa. Kila mara mtangazaji Jude alipomkatiza, sentensi ilianguka sakafuni, nyepesi kama ganda la karanga. Wiki iliyotangulia aliketi hapo mpinzani wake, Mheshimiwa Wanyama, mbunge wa siku zote. Jude alimuuliza siri ya afya yake, akamsikiliza dakika arobaini, na Namono hakufagia hata silabi moja.

Kwa kawaida takataka hizo huenda kwenye pipa. Ila Namono alipookota moja, ikasema kwa sauti ya Nafuna: “Nikichaguliwa, mama akifika kujifungua atakuta wodini kuna…” Ikaishia hapo. Mdogo wake, Nandutu, alikuwa na mimba ya miezi tisa huko Nakaloke, karibu na Mbale, na wodi aliyoitegemea ilikuwa hiyohiyo. Namono akaona afadhali amrudishie mwenyewe, amalizie, watu wasikie kabla ya kupiga kura.

Kosa alilifanya hapo. Alinyunyiza maji kwanza, kama alivyofundishwa na mama yake, vumbi lisiruke. Maneno yakalowa, yakashikana. Sentensi ya barabara ikagandana na ile ya wajawazito.

Getini afande Ojok alipekua mfuko.

“Iko nini hapa, mama?”

“Maneno ya mgeni, afande.”

“Ya mheshimiwa?”

“Ya Nafuna.”

“Basi pita. Ya mheshimiwa ingekuwa wizi.”

Nyumbani Bugembe aliyaanika kwenye mkeka kama ulezi, akiyageuza huku mwanawe amelala mgongoni. Jua lilikuwa la kuvizia, ikachukua siku nne. Majirani walipita, wakasikiliza mawili matatu, wakauliza kama kuna lolote la bei ya sukari. Halikuwapo. Nafuna hakufikishwa huko.

Namono alipofika kwa Nafuna, mtaa wa Malukhu mjini Mbale, kampeni zilikuwa zimefungwa jana yake. Nafuna alimkaribisha chai, akapanga sentensi zake mezani, akazipapasa mojamoja kama nguo za mtoto aliyekwisha kukua. Ile ya wodi aliishika kwa muda mrefu.

“Malizia hii tu, dada,” Namono alimwambia. “Ninong'oneze. Mdogo wangu anajifungua wiki hii.”

Nafuna akatazama dirishani. Askari wawili walikuwa wamekaa juu ya pikipiki yao, daftari wazi.

“Juzi ningeimalizia hata sokoni,” alisema. “Leo nikiimalizia ni kampeni nje ya muda. Wataniengua.”

Akamfungia ilivyo, ndani ya leso safi, ampelekee Nandutu.

Wanyama alishinda. Wengi walisema yule mama ni mtu mzuri, ila kwenye televisheni hakumaliza hata jambo moja. Na kwa kuwa sentensi yake ilianza na “nikichaguliwa”, haikuwa tena na mwisho ambao mtu angeweza kuudai. Kituoni Jude alilalamika kwamba mlio wa maneno ya wageni yakianguka unamchanganya, mkurugenzi akanunua zulia nene, likatandikwa upande wa mgeni. Namono alionyeshwa namna ya kulikung'uta.

Uchungu ulipomshika Nandutu, aliifungua leso akasikiliza tena: atakuta wodini kuna… Kwa kuwa haikusema kuna nini, alipakia vyote: glavu, wembe, pamba, karatasi ya nailoni, mshumaa, kiberiti na dumu la maji. Akafikiri kidogo. Kisha akaenda kumwomba jirani, mama mmoja aliyewahi kuzalisha, waongozane, maana huenda neno lililokatwa pale lilikuwa “mkunga”.