Gesi Iliyotuama Mtaroni

Anatoli walimkuta amekufa, amepiga magoti kwenye mtaro wa nyaya, kichwa ukutani, kama mtu aliyesinzia kanisani. Moshi hapana, harufu hapana. Damiano, aliyeshuka nyuma yake kufagia, alihisi pumzi inakatika, akarudi juu akitambaa.

Swichi kubwa ya kituo kile cha umeme, nje ya Muyinga, ilikuwa ikivuja gesi yake ya kuzuia cheche tangu mwaka juzi. Mpira wake wa kuzibia ulikuwa umechakaa. Mshale wa mita ukishuka, Shefu Fredi, bosi wao, alitoka Gitega na mtungi mpya, akajaza, akaenda zake. Mpira haukubadilishwa, kwa kuwa aliyeuza mitungi alikuwa shemeji yake. Na gesi ile, nzito kuliko hewa, ilituama mtaroni kama maji, ikifukuza hewa. Fundi mmoja mgeni aliwahi kusema mtungi mmoja unachoma anga zaidi kuliko makaa yote ya kilima kizima.

Siku ya kuondoa matanga, nyumba ya marehemu huko Mwakiro ilifurika, wengine wakakaa juu ya mawe. Damiano, mwenzake wa kazi, ndiye aliyetakiwa asimame aeleze kifo. Fredi, aliyeleta bia, alimsogelea.

"We Damiano, sema ni presha tu. Watu wanywe. Iko nini ngumu?"

"Shefu, Anatoli hakuwa na presha."

"Na wewe uko na kazi, *non*?"

Damiano alikuwa amerudi kutoka ukimbizini Tanzania akakuta shamba la baba yake linalimwa na wengine. Kazi hiyo ndiyo ilikuwa shamba lake. Akasimama.

"Huyu wa Tanzania atahutubia mpaka bia ipate moto," Efrazia jirani akatania. Watu wakacheka.

"Ilikuwa presha," Damiano akasema, akaketi.

Mkuu wa kilima, kiongozi wa kitongoji, akamshukuru Fredi, kisha akakunja uso. "Na nyinyi wachoma makaa mnatufukuzia mvua. Mama Gaudensia, msiba umeisha. Tanuri lako la makaa kesho tunabomoa."

Gaudensia, mjane wa Anatoli, akainamisha kichwa.

"Asihangaike," Fredi akadakia. "Nafasi ya mume wake iko. Aje afagie mtaro."

Wanawake wakapiga vigelegele. Gaudensia akaupokea mkono wa Fredi kwa mikono miwili, halafu akaja kuchuchumaa mbele ya Damiano.

"Shemeji, utanionyesha pa kuanzia?"

Damiano alikuwa na mrija wa pombe ya mtama mdomoni. Hakuutoa.