Sufuria ya Shaba Yarudi Kasongo

Harusi ya Malaika ilipokaribia, mama yake, Faida, alipanda pikipiki kutoka Kasongo hadi Kabambare kwenda kuchukua sufuria ya shaba ya ukoo. Wali wa harusi zao zote ulipikwa humo, wala hakuna mgeni aliyewahi kupakuliwa ulioungua, maana shaba husambaza moto sawasawa, kuanzia kitako hadi kingoni.

Aliikuta nyuma ya nyumba ya wifi yake, Aicha. Bata walikuwa wanaoga ndani.

"Aicha! Sufuria ya mababu unapatia bata?"

"Wifi yangu, ilikuwa kijani kama chura. Nilizani imekufa."

"Shaba haifi bure bure!"

Faida alicheka hadi akashika kiuno. Wakaifunga nyuma ya pikipiki, mdomo chini, na kwenye kila shimo la barabara ikaita ngooo! Watoto wa vijijini wakatoka mbio kutazama.

Nyumbani aliisugua kwa ndimu, chumvi na majivu mpaka wekundu wake ukachomoza. Lakini ndani, bati jeupe walilopaka wazee lilikuwa limekwisha. Faida akanyong'onyea. Chakula chenye ndimu au nyanya kikipikwa kwenye shaba tupu, wageni hurudi kwao wakitapika.

Mpangaji wake, Kitenge, kijana wa Kivu, alikuwa amekaa barazani akiuguza mguu aliouumiza kwenye mashimo ya dhahabu.

"Mama Malaika," akasema, "mbele ya kuanza zahabu nilichimbaka kasiteriti. Tuliyeyusha ile mawe, bati inatoka. Kipande iko mu mufuko yangu."

"Na unajua kuipaka?"

"Niliona baba mukubwa akifanya. Mara moja tu."

Faida alisita. Kisha akaleta makaa.

Sufuria ilipopata moto, Kitenge akanyunyiza utomvu mkavu wa mti uliosagwa, unaosaidia bati kushikamana na shaba. Moshi ukawapiga usoni, wakakohoa wote wawili. Akadondosha bati. Likayeyuka, likakimbiakimbia kama matone ya maji, likakataa kushika.

"Inakataa, mama!"

"Lete hapa!" Faida akazungushia kijiti kitambaa cha pamba, akasugua kwa nguvu, vile anavyopaka mafuta kikaango cha chapati. Mara bati likatandaa, jeupe, laini, likafunika kitako chote. Faida akapiga kigelegele. Majirani wakadhani bibi harusi ametoka.

"Musikaange mafuta humu," Kitenge akaonya. "Bati itayeyuka."

Basi siku ya harusi vitunguu vilikaangwa kando. Wali ukaiva, punje zikiachana, na Aicha akala sahani mbili huku akidai kwamba sufuria irudi Kabambare, zamu yake ya kuitunza haijaisha. Wageni wakaendelea kujaza vinywa.

Akina mama wakamzunguka Kitenge. Huyu ana birika la kupakwa bati, yule ana sinia la mama mkwe.

"Mumuulize Mama Malaika kwanza," akawaambia. "Mukono uliopaka ni wake."

Faida akajifanya hajasikia. Akachota nyama nyingine, kipande kinono, akamwongezea kijana sahanini.