Usafi wa Ziwa la Mtunguni

Mwanamkuu alikuwa ndani ya maji mpaka mapajani, anang'oa yungiyungi kwa mikono miwili kama anayevutana nywele na mke mwenza.

"Na yale matete ya kule, jamani," aliwahimiza wenzake. "Wageni wasije wakakuta kichaka."

Wageni walikuwa njiani kutoka Kilindoni, na barabara ya Bweni ilikuwa inawachelewesha kwa mashimo yake. Zubery, mtendaji wa kijiji, alikuwa ametangaza kwa kipaza sauti kwamba wataalamu wanakuja na droni kuwamaliza konokono wa kichocho, na yeye hataki ziwa lake lipigwe picha likiwa na ndevu. Hilo halikuhitaji maelezo. Kisiwani Mafia, mgeni haingii kwenye ua usiofagiwa, na mgeni akija kutazama ziwa, basi ziwa nalo hufagiwa. Wanawake waling'oa, wakajaza matenga, wakaenda kuyatupa magugu nyuma ya minazi ambako mgeni hana haja ya kufika.

Hakuna aliyetoka jasho kama Mwanamkuu. Sababu yake ilikuwa nyumbani, imelala kwenye mkeka. Mumewe Mfaume alikuwa mkwezi wa minazi, mtu wa kupanda juu huku anaimba. Siku hizi alikuwa akifika katikati ya mnazi kibofu kinamuwaka, anashuka ameukumbatia kama mtoto mgongoni mwa mama. Mkojo wake ulikuwa damu. Zahanati walimsimamisha kwenye ubao wa kupimia kimo, kama anayeshonewa kanzu, wakampa vidonge kulingana na urefu wake, akapona. Akarudi kwenye mpunga bondeni, akarudi kuoga ziwani, akaugua upya. Aende wapi? Bomba la kijiji lilikuwa likikohoa upepo tu tangu kabla ya Ramadhani.

"Mwezi huu nimekutangulia," alimwambia mkewe kila alipotoka chooni, na Mwanamkuu alicheka, kwa kuwa kicheko kilikuwa bado hakijapanda bei.

Mara ya mwisho tabibu hakucheka. Alisema vidonge vinaua minyoo walio mwilini, walio ziwani haviwafikii. Ziwa lisipotiwa dawa, kibofu kile hakifiki mbali.

Gari lilipofika, alishuka kijana mwembamba, Luqmani, miwani imejaa vumbi.

"Shikamooni kina mama."

"Marahaba, mwanetu. Poleni na safari."

Alifungua sanduku, akatoa droni, ikapaa juu ya Mtunguni ikivuma kama nyigu aliyechokozwa. Wanawake walijipanga ukingoni, kanga zimefungwa vizuri, maana huenda na wao wangetokea pichani. Luqmani alikodolea macho kishikwambi chake. Akakitikisa. Akakitazama tena.

"Kijani tupu," alisema. "Ajabu."

"Kijani ndiyo nzuri?" Mwanamkuu aliuliza.

"Mashine haiwaoni konokono, mama, ni wadogo mno. Inaona magugu wanayoyashikilia. Palipo na magugu panatokea pekundu, halafu droni kubwa inamwaga dawa hapo. Hapa hakuna magugu hata kidogo." Akaangalia magoti ya wanawake, tope bado bichi. "Mmefanya nini hapa?"

Mwanamkuu alimshika mkono, akampeleka nyuma ya minazi kwenye lundo. Luqmani akachutama, akapindua jani la yungiyungi. Konokono walikuwa wamejibandika chini yake kama mbegu za papai.

"Lo," alisema kwa sauti ndogo. "Mmewafagia."

"Wenzao wamebaki kwenye tope, tumewakanyaga asubuhi nzima. Basi mwaga tu dawa, mwanangu. Pipa si lile pale garini?"

"Lile halifunguki bila pekundu kwenye picha, na picha zimeshafika Dar. Mtendaji akithibitisha kwamba magugu yameng'olewa leo, naweza kuomba Mtunguni ihesabiwe upya. Bila yeye sina la kufanya."

Walimkuta Zubery anakata simu, meno yote nje. Alikuwa ameshawaambia wilayani kwamba kijiji chake kimepata ziwa la kwanza la kijani.

"Kung'oa? Nani kang'oa?" alisema. "Wananchi wangu ni wasafi kwa asili. Hili ziwa ndivyo lilivyo."

"Kina mama," Luqmani aliwageukia, "ni kweli?"

Wanawake wakatazama vidole vya miguu yao. Muhuri wa mbolea ya ruzuku ulikuwa mfukoni mwa Zubery, na msimu wa kupanda ulikuwa karibu.

"Tumeng'oa," alisema Mwanamkuu. "Mimi ndiye niliyesimamia. Na wewe Zubery ndiye uliyetutuma."

"Msameheni," Zubery alimwambia mgeni kwa upole, "mumewe mgonjwa."

Luqmani alitazama saa. Kulikuwa na mabonde mengine mbele, na gari lilikuwa la kurudishwa Kilindoni jioni.

"Nitaandika maoni, mama."

"Maoni yanaua konokono?"

"Hapana, mama," alisema, na angalau hakumdanganya. Akafunga sanduku.

Alasiri Mwanamkuu alirudi ziwani na ndoo. Mfaume alikuwa anasubiri maji ya udhu, na mtungi ulikuwa mkavu.

Mtunguni haikuwahi kupendeza hivyo. Zamani matete yalikuwa yakikata miguu na ruba walijificha humo, na watoto waliishia ukingoni. Sasa maji yalikuwa wazi kama uwanja, na watoto wa kijiji kizima walikuwa ndani, wanapiga mbizi, wananyweshana, wanacheka.

"Tokeni humo!" aliwapigia kelele. "Tokeni, mna wazimu?"

Msichana mmoja aliibuka, maji yanamchuruzika usoni. "Mtendaji katangaza, mama. Ziwa limepasishwa."

Mwanamkuu alikunja kanga, akaingia, akapita katikati yao mpaka pale maji yalipokuwa safi zaidi, akazamisha ndoo.